Maiti wa Bi Fakhriya

Mimi ni muuza zipu na vifungo, na kila mwaka wakati wa kipupwe ninakufa. Sikuomba. Nilikwenda bustanini kumpelekea Bi Fakhriya vifungo vya koti la askari, akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni kama mtu anayechagua samaki, akasema, "Uledi, hebu lala hapo kidogo." Nikalala. Akaniinamia, akasikiliza, akawaambia wenzake kwamba huyu ametufaa, hata kupumua hapumui. Tangu siku hiyo, kila mchezo wake unapohitaji maiti, maiti ni mimi. Na michezo yake isiyo na maiti ni michache.

Bi Fakhriya ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kwao ni watu wa vitambaa. Babu yao alikuja na mzigo wa nguo kutoka Arabuni, akafungua duka Kariakoo, na duka hilo lipo mpaka leo karibu na Msimbazi, mikononi mwa kaka yake, Mzee Muaz. Yeye hakutaka duka. Aliolewa, akaachika, hakujaaliwa mtoto, akafundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu. Watu wengine wakistaafu hufuga kuku. Yeye alianzisha jukwaa.

Jukwaa lenyewe ni jina tu. Bustani ya Mkunguni ni kipande cha ardhi kilichosahauliwa na wajenzi katikati ya maghorofa, kina miti michache, mabenchi ya zege, muuza kahawa mmoja na kunguru wasio na idadi. Masika maji husimama humo mpaka magotini, kwa hiyo michezo huanza ardhi ikikauka na huendelea mpaka vuli itufukuze. Bi Fakhriya anakaa ghorofa ya nne ya jengo linalotazama bustani, peke yake, na kila asubuhi ya msimu hushuka na fagio, akafagia mahali ambapo jioni patakuwa ikulu, au jela, au chumba cha kujifungulia. Tunaanza baada ya Alasiri na tunamaliza kabla ya adhana ya Magharibi. Mchezo ukichelewa, anaua mtu mapema ili watu wawahi kuswali.

Hana maandishi. Anafundisha kwa mdomo na kwa gazeti lililosokotwa, ambalo humshukia mwigizaji begani akikosea. Watu wazima wanavumilia, kwa sababu nusu ya mtaa alishawahi kuwafundisha. Mwaka wa pili alikuja mgambo kutuondoa, amekunja uso na rungu mkononi. Bi Fakhriya akamkazia macho, akamwuliza, "Wewe si ndiye uliyekuwa unalala darasani?" Mgambo akavua kofia. Mwaka uliofuata alicheza sultani, na alikuwa sultani mzuri, ila alikuwa akisinzia.

Watazamaji wa Kariakoo hawaji kutazama. Wanakuja kusaidia. Tulikuwa na mchezo wa mwizi wa kuku, na polisi alipangiwa kumkamata katika onyesho la tatu. Katika onyesho la kwanza tu muuza nyama mmoja aliyeketi mbele aliinuka, akamkamata mwizi ukosi, akamzaba kibao, akachukua kuku akamrudishia mwenyewe. Mchezo ukawa umekwisha. Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Bi Fakhriya hakukasirika hata chembe. Kesho yake alimfuta polisi kwenye mchezo, akasema mtaa huu unajitosheleza.

Vifaa vyetu ni vya kuazima. Turubai la kijani, viti vya plastiki, mikeka na masufuria makubwa ni mali ya chama cha kuzikana cha mtaani, ambacho Bi Fakhriya ni mwanachama wake wa siku nyingi. Kila kiti kimeandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu, KUFA NA KUZIKANA. Mtunza vifaa anaitwa Bakili, mtu mnene, mwenye huruma, asiyecheka, na sharti lake ni moja: akifa mtu wa kweli, vifaa vinaondoka. Imeshatokea. Mfalme yuko katikati ya hotuba, Bakili anaingia kwa adabu, anamwomba mfalme ainuke, anabeba kiti. Mfalme anamalizia hotuba amesimama.

Sasa nieleze habari ya Mzee Muaz, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini Jumamosi ile nilitamani nife kweli.

Mchezo wa kwanza kabisa wa Bi Fakhriya ulimhusu mwenye duka la vitambaa. Kila alipopima kitambaa kwa fimbo ya yadi, kidole gumba chake kililala juu ya fimbo, na mteja akaibiwa upana wa kidole. Katika mchezo ule kidole kilinenepa kila onyesho, na mwishoni kilikuwa cha sponji, ukubwa wa ndizi mzuzu. Bi Fakhriya anaapa kwamba hakumkusudia mtu. Mimi nilikuwepo. Mwigizaji alivaa miwani kama ya Mzee Muaz, akakohoa kikohozi cha Mzee Muaz, akawakaribisha wateja kwa maneno yake yaleyale, "Ingia ndani, kuuliza si kununua." Kariakoo ilicheka mpaka ikashika mbavu. Watoto wakawa wanamwonyesha mzee wa watu vidole gumba barabarani. Kina mama wakaanza kwenda dukani na futi zao za kushonea.

Mzee Muaz hakwenda kugombana. Alikwenda msikitini, akaswali Ijumaa, akatoka barazani, akasimama mbele ya watu wanaomjua tangu yuko na kaptura, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi na Fakhriya hatuzikani. Akifa siji. Nikifa asije."

Sisi watu wa huku kugombana ni kazi nyepesi. Tunanuniana, tunavaliana khanga za vijembe, tunapelekana kwa mjumbe, tunanyimana chumvi. Lakini akifa mtu, unakwenda. Humpendi, unakwenda. Alikutukana jana, unakwenda, na unabeba jeneza kwa zamu yako. Kusema hatuzikani ni kusema undugu umekwisha, na aliyelisema neno hilo mbele ya watu halirudishi kwa urahisi, kwa sababu watu nao wanakumbuka.

Miaka ikapita hivyo. Kutoka dukani hadi bustanini unaweza kutembea na kikombe cha chai kisipoe. Walikuwa wakikutana njiani, na Mzee Muaz alikuwa akivuka barabara kumkwepa, hata pale kwenye njia ya mwendokasi, na yale mabasi hayana mchezo. Bi Fakhriya alijifanya hajali. Uwongo mtupu. Jioni moja tukikunja turubai aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye kamba, "Uledi, mtu akisema hatuzikani, anakuwa amemaanisha?"

"Inategemea na mtu, Bi Fakhriya."

"Huyu nimekua naye nyumba moja," akasema, "na sijui."

Nikaendelea kukunja. Wazazi wao wote wameshatangulia, ndugu wengine hawana. Alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja wa tumbo moja duniani, na hakujua kama siku yake ikifika kaka huyo atamtia udongo. Jambo hilo lilikuwa likimla. Mimi nilikuwa naliona, na niliona pia kwamba hatakwenda kuomba radhi, kwa sababu ukaidi katika nyumba ile hawakugawana, kila mmoja alipewa wote.

Mwaka jana akatunga mchezo wa msiba. Mwenye nyumba anafariki, wapangaji wanakusanyika kumlilia, na kila mmoja anafurahi kivyake. Mwenye nyumba, bila shaka, ni mimi. Yeye mwenyewe alichukua nafasi ya kaka wa marehemu, mzee mchoyo anayetoka Magomeni kuja kudai urithi kabla maiti hajapoa. Alisema hakuna mwanamume kikundini anayejua uchoyo vizuri. Akatengenezewa ndevu za pamba zenye ndoano za waya za kupachika masikioni.

Hakutaka msiba wa maigizo. Alitaka msiba. Wanaume viti vyao huku, wanawake mikekani kule, wali jikoni, ubani, ndoo za maji. Shida ilikuwa vilio. Kuruthumu, binti wa Buguruni aliyejiunga nasi mwaka huo na kucheza mjane, alikuwa na sauti ya kubomoa ukuta, na alitaka kuitumia. Gazeti lilimshukia begani kila siku. "Msibani watu hawalii namna hiyo," Bi Fakhriya alikuwa akimwambia. "Nyinyi mnalia kama mnanadi sabuni. Kaeni. Inamisheni vichwa. Huzuni haina haraka." Hawakuweza. Mmoja alikuwa akiinamisha kichwa anaangalia simu, mwingine anajikuna.

Basi ikafika Jumamosi ya mazoezi ya mwisho. Tukaweka kila kitu kama siku yenyewe. Kibao cha kutangaza mchezo hatukukitoa, kwa kuwa mazoezi hayatangazwi. Na hilo ndilo lilikuwa kosa letu, maana tangu nyumba za zamani za Kariakoo zibomolewe, watu wanaishi juu lakini wanafia chini. Hakuna ua, hakuna baraza. Msiba unawekwa popote turubai linapoenea. Turubai la kijani la Kufa na Kuzikana likisimama chini ya ghorofa, na chini yake wamekaa wanawake waliojitanda, hakuna mpita njia anayewaza sanaa.

Wa kwanza kuja alikuwa Matilda, mama ntilie wa upande wa pili wa barabara. Aliacha maharage yake jikoni, akajitanda khanga, akavua viatu, akaingia mkekani, akamshika mkono Kuruthumu. "Pole, mama," akasema. "Kazi ya Mungu."

"Haina makosa," akajibu Kuruthumu. Ndivyo alivyofundishwa katika sehemu yake, na ndivyo angejibu mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo ilipofaa kusema kwamba hakuna aliyekufa. Hakikusemwa kitu. Wakaja wauza mitumba wawili, akaja fundi saa, wakaja kina mama wa ghorofa ya jirani na ndoo ya maji na sukari. Na adabu ya msiba inajulikana: hufiki ukauliza nani kafa. Unatoa pole, unaketi, unainamisha kichwa, na baadaye sana unamnong'oneza jirani yako. Jirani naye amefika muda mfupi kabla yako, na alikuwa anangoja akuulize wewe.

Mimi nilikuwa ndani ya chumba tulichokizungushia khanga pande zote, juu ya kitanda cha kamba, nimefunikwa shuka jeupe gubigubi. Sikuona lolote. Nilisikia viti vikiongezeka. Kuruthumu akaingiza kichwa.

"Bi Fakhriya, kuna watu."

"Watu gani?"

"Watu wa kweli. Tunafanyaje sasa?"

Bi Fakhriya, ndevu usoni, akachungulia kwenye upenyo wa khanga. Akakaa hapo muda mrefu. "Mtazame yule bwana alivyoshika shavu," akasema. "Nimewafundisha nyinyi tangu mwezi wa tano."

"Bi Fakhriya, hii ni dhambi," nikasema chini ya shuka.

"Maiti hasemi."

Kisha akaja Bakili. Bakili alijua vizuri kwamba ni mazoezi, turubai alilitoa yeye kwa mkono wake. Lakini alipoona wageni wamesimama bila viti, moyo wake ukashindwa. Akaongeza viti. Akapokea ndoo. Baada ya hapo nikamsikia akimuuliza fundi saa kama ana nguvu za kuchimba, na akimpangia zamu.

Ikafika mahali haiwezekani tena. Huwezi kumwambia mtu aliyeacha biashara yake, akajitanda, akaleta sukari, kwamba hakuna maiti. Atakuuliza kwa nini. Bi Fakhriya akasema njia pekee ni kuwapa chakula, watu wakishakula wataondoka wenyewe, na akatoka kwa nyuma kwenda kuongeza mchele kwenye sufuria. Ndevu hakuzivua, kwa kuwa wageni wengi walikuwa wanamfahamu, na alikuwa anaona aibu.

Wakati huo habari ilikuwa imeshaondoka. Mchukuzi mmoja wa toroli alikuwa akipeleka vitenge dukani kwa Mzee Muaz, akakatiza kando ya bustani, akaona, akabeba habari juu ya mzigo. Yaliyotokea dukani nilisimuliwa baadaye na mke wa mzee, Bi Khairunnisa, aliyekuwa amesimama palepale kaunta. Mchukuzi alisema, "Mzee, pole sana aisee. Kuna turubai chini ya ghorofa la dada yako, na wale watu wake wa maigizo wote wanalia." Hakusema amekufa nani. Haikuhitajika. Nyumba ikiwa na mtu mmoja, msiba wake hauna mjadala.

Mzee Muaz akageukia rafu. Alishusha jora la bafta nyeupe ya sanda, akapima, akakata, akakunja. Akamwomba mteja atoke nje. Akafunga duka. Bi Khairunnisa anasema hajawahi kumwona akifunga duka Jumamosi mchana, hata siku aliyoteguka mguu alihudumia wateja amekaa juu ya robota. Akatoka bila kofia. Mkewe alimfuata, akamwita amngoje, hakungoja.

Nilichosikia mimi ni ukimya. Ulianzia upande wa barabara, ukaja ukipita kwenye viti, mtu mmoja baada ya mwingine akinyamaza, kwa sababu hakuna mtu wa Kariakoo asiyejua kiapo kile. Kuruthumu wa Buguruni peke yake ndiye aliyekuwa hamjui. Aliona mzee analia na kitambaa cheupe kwapani, akafanya kama alivyofundishwa, akafunua khanga ampishe. Nilisikia miguu, pumzi ya mtu aliyetembea haraka kuliko umri wake, halafu magoti mawili yakitua chini kando ya kitanda. Kisha sauti, karibu kabisa na sikio langu.

"Fakhriya. Mdogo wangu."

Sikujua la kufanya. Hakuna mazoezi ya jambo kama hilo. Ningesema mimi si Fakhriya, mzee angeanguka, na turubai lingepata kazi yake ya kawaida. Nikabana pumzi.

"Nisamehe," akasema. "Nilisema kwa hasira, na nikishasema mbele ya watu nikaona haya kurudi. Lile la kidole ulisema kweli. Baba ndiye aliyenifundisha, na wewe ulikuwepo umekaa juu ya kaunta unatuangalia. Ungeniambia nyumbani, Fakhriya. Ungenitukana nyumbani, ningesikia. Kwa nini uliwaambia watu?"

Nikamsikia analia, kile kilio cha mwanamume asiye na mazoea nacho, kinachokatika na kuanza upya. Shuka likaloana upande wa shavu langu. Na mimi nami nikaanza. Nilikuwa nimekuja kulala tu, sikuwa na ugomvi na mtu, lakini machozi yakanitoka, yakaingia masikioni, na sikuweza kuyafuta. Nilimwonea huruma mzee yule kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Mwenye haki ya kuufunua uso wa dada yake ni kaka, na yeye haki yake alikuwa anaijua. Akasema Bismillahi, akashika pindo la shuka, akalivuta mpaka kifuani.

Akaona masharubu yangu.

Tukatazamana. Macho yake mekundu, yangu mekundu. Nilijua lazima mmoja wetu aseme kitu, na yeye ndiye mkubwa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu Mzee Muaz. Malezi ni malezi.

Nje, watu walisikia sauti mbili zikisalimiana katika chumba cha maiti, na aliyeingia kwa miguu yake alikuwa mmoja. Sitaki kuzungumzia sana kilichofuata. Viti vilianguka kwa pamoja. Fundi saa, aliyekuwa amepewa zamu ya kuchimba, alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Matilda alikimbia peku. Bakili, aliyejua yote tangu mwanzo, alikimbia pia, na nilipomuuliza baadaye alisema aliona wenzake wanakimbia. Kuruthumu akapata nafasi ya kupiga yale mayowe aliyonyimwa tangu mwezi wa tano. Katika kukurukakara hiyo khanga za chumba chetu zilivutwa zote chini, tukabaki wazi katikati ya bustani, mimi kitandani na Mzee Muaz amepiga magoti, na mbele yetu amesimama mzee mfupi mwenye ndevu za pamba na upawa mkononi.

Mzee Muaz akamtazama. Akayatazama macho. Akayajua.

"Hujafa," akasema.

"Bado, kaka."

"Nimefunga duka."

"Naona."

"Nimekata bafta." Akamwonyesha kitambaa. "Nimeshakata, Fakhriya. Kitambaa kikishakatwa hakirudi kwenye jora."

Hapo hasira ikamfika, na alikuwa na haki nayo. Akasimama kwa kushikilia mguu wangu. Akasema mtu mzima gani anachezea kifo, mtu gani anafiwa na mchezo, kwanza lilikuwa duka na sasa ni kaburi, kesho itakuwa nini, na yeye siku zote amenyamaza.

"Hukunyamaza," akasema Bi Fakhriya. "Ulikwenda msikitini."

"Nilikwenda."

"Ulisema huji."

"Nilisema. Si nimekuja?"

Mwanamke aliyewapa maneno wafalme na wezi kwa miaka yote ile, akakosa la kwake. Bi Khairunnisa ndipo alipofika, baibui limeloa jasho, akamwona wifi yake mzima na ndevu, akajishika kifua, akaegemea mti.

"Na wewe je?" akasema Bi Fakhriya hatimaye, na sauti yake haikuwa ile ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. "Kuja kwako sasa nimekuona. Wewe ukitangulia, mimi nani angeniambia? Ningesikia kwa mchukuzi wa toroli. Ningesimama pembeni kama mpita njia, jeneza la kaka yangu linapita, na watu wananitazama kama nitathubutu kusogea. Nimeliogopa hilo, kaka. Kila nikisikia tangazo la msikitini naacha ninachofanya, nasikiliza jina."

Mzee Muaz akaishughulikia miwani yake.

"Mwambie," akasema Bi Khairunnisa.

"Nyamaza wewe."

"Mwambie, au namwambia mimi." Hakungoja. "Wifi, Ijumaa ileile aliyoapa, alirudi nyumbani hakugusa chakula. Aliniambia, Khairunnisa, nikifa, kabla hujamwita imamu, kabla hujawaita wanangu, mwite Fakhriya. Nisizikwe hajafika. Akaniapisha nisikwambie. Na kila mwezi wa Ramadhani ukiandama ananiuliza kama nakumbuka."

Bi Fakhriya akauachia upawa. Akakaa chini palepale, upande wa kulia wa kitanda, ndevu zikining'inia kwenye sikio moja, akalia kwa sauti kubwa bila kuficha uso. Mzee Muaz alisimama kidogo akimtazama. Kisha naye akakaa, upande wa kushoto, taratibu kwa ajili ya magoti, akanyoosha mkono juu yangu, akaukamata mkono wa mdogo wake, akaushikilia. Mikono ile iliyoshikana ilikuwa inatua juu ya kifua changu, mizito, nami nikaona kuinuka saa hiyo ni kukosa adabu, nikafumba macho nikatulia.